Aliyemwandikia Bikira Faini

Tarehe 15 Julai, saa tisa alasiri, Afande Nubia Avella Cely atarudisha kofia, kipenga na kipimasauti katika Idara ya Usalama Barabarani ya San Benigno, baada ya kutumikia mji huu miaka thelathini na mmoja. Ameomba asisomewe hotuba ndefu wala asipigiwe muziki kwa spika kubwa. Kwa hiyo kamati ya sherehe imenipa mimi, Eberto Támara, dereva wa gari la winchi, kurasa hizi badala ya kipaza sauti. Nimekaa naye kwenye kabini moja muda mrefu kuliko nilivyokaa na wake zangu wote wawili, tena kwa ugomvi mchache zaidi.

Alitoka milimani Boyacá, kwenye baridi na viazi, akashuka kwenye basi hapa kwetu mwezi Juni akiwa amevaa sweta. Sweta, San Benigno, mwezi Juni! Mwenye duka la kituoni alimwuliza kama ana homa. Sisi wa pwani kila anayetoka milimani tunamwita cachaco, au cachaca akiwa mwanamke, na kwa maoni yetu cachaco ni mtu anayeamini kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi. Asubuhi alikunywa maji ya moto ya sukari guru yenye kipande cha jibini kikielea ndani. Mchana, watu wote wenye akili wakiwa wamelala kwenye vitanda vya bembea, yeye alikaa macho akisoma kanuni.

Wiki yake ya kwanza mkuu wetu wa zamani alitoa amri kwamba kila ekzosi iliyotobolewa ing'olewe papo hapo. Mwenyeji yeyote angejua kuwa amri ya aina hiyo husikilizwa, huitikiwa, kisha husahauliwa. Yeye akaitekeleza. Asubuhi nzima aling'oa ekzosi, akazipanga kando ya barabara kama samaki sokoni, akawaambia wenye pikipiki waende zao. Wakaenda zao, ila bila ekzosi kabisa. Mchana ule, saa ya kulala, mji mzima uliruka kutoka kwenye bembea, na shangazi yangu mpaka leo anaamini kuwa yalikuwa mapinduzi ya serikali.

Lakini hilo lilisahaulika haraka, kwa sababu baada ya wiki chache ilifika sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli.

Wasomaji wa kijarida hiki mnaijua 16 Julai. Bikira wa Karmeli ndiye mlinzi wetu sisi tunaoshika usukani, na siku hiyo chochote chenye magurudumu hupambwa maputo na tepe za kahawia na nyeupe, kikamfuata mjini kote kikimpigia honi. Sanamu yake husimama juu ya gari la zimamoto, na king'ora hulia tangu kanisani mpaka kanisani. Nyuma yake pikipiki hupiga resi mpaka vioo vitetemeke. Hiyo ndiyo sala yetu. Sasa, kijijini kwa Afande Nubia sikukuu ni hiyohiyo, ila madereva wa kule huzima injini kwenye mlima wa mwisho, wakashuka, wakasukuma magari yao hadi mlangoni pa kanisa, kimya, pumzi zikitoka kama moshi. Ni nadhiri ya babu zao. Kwake yeye, kumpigia Bikira king'ora ilikuwa sawa na kumzomea mama mzazi.

Basi alisimama katikati ya barabara, akapuliza kipenga, na gari la zimamoto likafunga breki mpaka Bikira akayumba.

"Moto uko wapi?" akamwuliza dereva.

Padre Anselmo, aliyekuwa ameketi mbele, akatoa kichwa dirishani. "Moto uko jehanamu, binti, na sisi tunajaribu watu wasifike huko. Tupishe!"

"King'ora bila moto ni kosa, Padre. Mwenye gari ni nani?"

Msafara mzima ukajibu kwa sauti moja: "Maria wa Karmeli!"

Na yeye, kwa kuwa nchi hii imejaa wanawake wanaoitwa María del Carmen, yaani Maria wa Karmeli, akaliandika jina hilo. Akaichana ile karatasi ya faini kitabuni akamkabidhi Padre. Ilichukua muda kidogo watu kuelewa kilichotokea, na walipoelewa, vicheko vilifika mpaka mtoni. Padre aliitia karatasi ile kwenye fremu akaitundika pale anapovalia mavazi ya misa, na ipo hadi leo, imefifia wino. Tangu siku hiyo jina lake mjini likawa Aliyemwandikia Bikira Faini. Madiwani nao, ili yasijirudie, wakapitisha kanuni: tarehe 16 Julai, tangu alfajiri hadi usiku wa manane, hakuna kelele itakayohesabiwa kuwa kosa katika mji wa San Benigno. Naomba mkumbuke kanuni hiyo, tutaihitaji mbele.

Mtu mwingine angeomba uhamisho. Yeye alinunua kofia ya jua, akalitia sweta sandukuni, akaanza kutusoma sisi. Aligundua kuwa mchana hapa si uvivu, ni joto, na ingawa yeye mwenyewe hajawahi kulala mchana hata siku moja, hakuna aliyelinda usingizi wetu kama yeye. Baada ya chakula alisimama kwenye mzunguko wa sokoni na kipimasauti mkononi, jua likimchoma, ili wauza samaki walioamka alfajiri wapate saa moja ya kufumba macho.

Na alikuwa na huruma na hao hao aliowakamata. Bodaboda akiwa na mgonjwa nyuma, Afande Nubia hakumshusha. Alimwambia amfikishe kwanza, kisha arudi, na cha ajabu ni kwamba walirudi. Nikilalamika kuwa vijana hawa ni sikio la kufa, hawasikii dawa, yeye alinijibu hivi: "Eberto, mtu asiyesikilizwa nyumbani hupenda kusikika barabarani." Mimi ningewapigia kelele. Yeye aliwauliza wamekula nini.

Ujanja wao lakini haukwisha. Deivis, jitu la miraba minne linalobeba maji ya kuuza, siku moja aliona kizuizi chetu kwa mbali, akasimama kwa mama muuza vitafunwa, akanunua mkate wa mahindi ule wa kufungwa kwenye majani, akausindilia wote ndani ya ekzosi. Akaja taratibu, mpole kama mtawa. Afande Nubia akapima, mashine ikaonyesha namba za kanisani. Akapima tena. Akainusa hewa.

"Deivis, pikipiki yako inatumia petroli au siagi?"

"Petroli, Afande, naapa kwa mama."

"Hebu ongeza mafuta kidogo."

Akaongeza. Mkate ulitoka kama risasi ukanipata mimi kifuani, ukiwa umeiva vizuri, na ule mlio uliofuata ulifungua milango ya mtaa mzima. Shati langu halikufaa tena. Afande Nubia alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na hiyo ndiyo siku niliyojua kuwa cachaca wetu anacheka.

Mpinzani wake wa kweli alikuwa mmoja, Wilfrido Arrieta, fundi wa karakana iliyo nyuma ya kiwanda cha barafu, ambaye mji ulimwita Radi. Ukimpelekea pikipiki mpya, isiyo na neno, aliipasua ekzosi, akaitoa matumbo yote, akaifunga tena. Debe tupu haliachi kuvuma. Kila mwaka, tulipotandaza ekzosi zilizokamatwa uwanjani mbele ya kanisa na kuzipitishia mtambo wa kushindilia lami, Wilfrido alikuja na kiti chake cha plastiki na kikombe cha kahawa nyeusi, akakaa mstari wa mbele kama mfiwa.

"Aa, ile ya tatu! Ile ilikuwa na sauti ya besi, Afande, ungeiacha tu!"

"Njoo ulale pembeni yake, Wilfrido, uimbiwe vizuri."

"Ukimaliza hizo nitatoboa nyingine. Mimi nina mikono, wewe una rola. Tuone nani atachoka."

"Mimi natoka milimani. Sisi hatuchoki, tunaganda tu."

Watu walikuja kusikiliza matusi yao zaidi ya kuona mtambo. Walitaniana hivyo miaka mingi, na nadhani waliheshimiana, ingawa hakuna aliyekubali.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa wa askari yeyote mwema.

Miaka kumi na mmoja iliyopita Yulieth, mke wa Wilfrido, alijifungua mimba ya miezi saba. Mtoto njiti, wa kike, hakuzidi mkate ule wa Deivis. Walimlaza kwenye mashine ya joto katika wodi ya ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama Mtaa wa Hospitali, na hapo ndipo msafara wa Bikira hupita kila mwaka. Tarehe 15 Julai asubuhi Wilfrido aliingia ofisini kwetu. Hakuna aliyemkamata. Alisimama mlangoni akiishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Afande, nimekuja kwa miguu yangu."

"Nakuona. Pikipiki iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani. Naona haya kuipitisha pale."

Afande Nubia alimsogezea kikombe chake cha maji ya sukari guru. Wilfrido akanywa, akala na jibini lililokuwa ndani, bila neno la dhihaka. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

"Jana jioni imepita pikipiki moja pale chini," akasema. "Moja tu. Nimeitambua kwa mlio, nimeitoboa mwenyewe mwezi wa tatu. Mtoto akabadilika rangi, Afande. Akaacha kupumua. Mashine ikaanza kulia, nesi akaja mbio akamfinyafinya mguu mpaka akarudi. Daktari anasema akishtuka hivyo mara nyingi hatakuwa na nguvu ya kurudi. Na kesho zinapita zote."

"Waambie wenzako wasipige resi."

"Niwaambie nini mimi? Nimewauzia kelele maisha yangu yote. Na siku ya Bikira! Watasema Radi kalewa."

"Padre abadilishe njia."

"Wagonjwa wanamsubiri Bikira mwaka mzima wamwone dirishani. Yulieth mwenyewe anataka apite chini ya dirisha lile kuliko mtu yeyote. Anasema asipopita, mtoto atakufa."

"Kesho mimi sina sheria, Wilfrido," akasema Afande Nubia. "Waliniondolea kwa kosa langu mwenyewe."

"Najua. Sikuja kuomba sheria."

"Umekuja kuomba nini?"

"Sijui," akasema Wilfrido, na akaanza kulia pale pale mbele ya meza ya faini, mtu mzima na mafuta ya injini kwenye kucha.

Mkuu wetu, aliyekuwa amesikia kupitia ukuta wa mbao, alitoka baada ya Wilfrido kuondoka. Alimwambia Afande Nubia mbele yangu kuwa anamhurumia yule bwana, ila akigusa ule msafara mara ya pili, asubuhi ya kesho yake arudi kwao kwenye viazi. Hakuwa anatania. Mjini kwetu meya anaweza kupoteza kura kwa barabara mbovu akasamehewa, lakini kwa Bikira hasamehewi.

Kesho yake mchana tuliegesha winchi kwenye kona ya Mtaa wa Hospitali. Tulisikia msafara ukija tangu sokoni, na kiti changu kikaanza kutetemeka. Juu, kwenye lile dirisha, lilikuwepo pazia la kijani, na Wilfrido alisimama chini yake akiwa ameegemea ukuta. Afande Nubia alivua kofia akanipa. Akavua kipenga, akanipa. Akanipa kipimasauti. Akavua shati la sare akabaki na fulana nyeupe, kisha akafungua buti na soksi.

"Nishikie."

"Unakwenda wapi bila viatu? Hiyo lami inakaanga mayai."

"Nakwenda kwetu," akasema.

Akatembea hadi katikati ya barabara akapiga magoti.

Hapa San Benigno unaweza kumpita askari, na ukiwa na haraka unaweza kumpita hata meya. Mtu aliyepiga magoti mbele ya Bikira na nadhiri mdomoni hapitwi. Hakuna aliyewahi kumpita mtu kama huyo, na hakuna ambaye angetaka kuwa wa kwanza. Gari la zimamoto lilisimama. King'ora kikakatika. Padre Anselmo akatoa kichwa dirishani, nywele zimeshakuwa nyeupe, akamtambua.

"Binti, jamani! Leo tena?"

"Padre, leo sina kipenga. Nina nadhiri."

Nyuma ya gari wenye pikipiki tayari walikuwa wameanza. "Cachaca kaanza tena!" mmoja akapaza sauti. "Safari hii anamwandikia na Mtoto Yesu!" akadakia mwingine, na pikipiki zikapiga resi kwa kicheko. Mkuu wetu alikuwa kando ya barabara na shati lake jeupe la sikukuu. Alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika kofia. Nikatazama juu nikajifanya nahesabu maputo.

"Nadhiri gani?" akauliza Padre.

"Nimbebe Mama begani tangu hapa hadi kona ya pili. Kimya, kama kwetu. Nahitaji mabega mengine matatu."

Wilfrido alikuwa ameshatoka ukutani. Alipita mbele ya Afande Nubia bila kumtazama, akapanda kwenye bampa la zimamoto, akawageukia watu wake. Nimewahi kusikia sauti ya Radi ikishinda mtambo wa lami. Siku ile ilikuwa ndogo mpaka walio nyuma wakalazimika kupunguza mafuta ili wamsikie.

"Zimeni, ndugu zangu. Mnaona lile pazia la kijani? Binti yangu yuko pale. Hajapewa hata jina. Akisikia mlio anasahau kupumua."

"Radi, wewe ndiye unasema hivyo?"

"Mimi. Kila mlio ulio hapa nimeutengeneza mimi, naujua mmoja mmoja. Naomba mninyamazie mtaa mmoja tu. Mkifika kona ile mpige mpaka mbingu ipasuke, nami nitawasaidia."

Injini zilikuwa bado zinaguruma chini chini. Kisha Deivis, yule wa mkate, mwenye pikipiki inayotisha kuliko zote, akaikata injini. Akashuka, akavua helmeti, akashika usukani na kuanza kusukuma. Aliyemfuata akazima. Kisha mwingine na mwingine, ikaenda nyuma hivyo mtaa kwa mtaa, malori, teksi, mpaka bendi ya matarumbeta ikashusha matarumbeta yake bila kuambiwa.

Sanamu ya Bikira ni ya mbao za kizamani na ina uzito wa dhambi zetu zote. Bega la mbele kulia lilikuwa la Afande Nubia, la kushoto la Wilfrido. Nyuma alikaa dereva wa zimamoto na, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza kama nataka, mimi. Bega langu halijapona mpaka leo na kamati ilizingatie hilo.

Tukapita chini ya pazia la kijani. Nilikuwa nimeishi hapa maisha yangu yote na sikujua mtaa ule una ndege. Nilisikia cheni za pikipiki zikijizungusha na kandambili zikiburuzwa. Nikamsikia mzee mmoja dirishani juu akisali rozari peke yake, akishangaa, nadhani, kwamba anaisikia sauti yake mwenyewe. Pazia likasogea. Yulieth alikuwa pale na gauni la hospitali, mkono mmoja juu ya ile mashine, na akamtazama Bikira akipita karibu naye kiasi kwamba angeweza kumgusa tepe. Nililia, na sioni haya kuliandika. Waliokuwa mbele yangu walilia pia, niliona mabega yao.

Kwenye kona ya pili tulimshusha. Afande Nubia aligeuka kutazama dirisha. Nesi akatokeza kichwa na kuinua kidole gumba juu. Hapo ndipo yule mwanamke, nyayo zimeungua, fulana imelowa jasho, alipowatazama wapanda pikipiki wote wa San Benigno akasema: "Haya!"

Kelele iliyolipuka pale sijaisikia tena. Kipimasauti kilikuwa mfukoni mwangu na sikukiwasha.

Mkuu wetu alitaka kumpa onyo la maandishi, akakosa kosa la kuandika. Hakuwa na sare, hakuwa na kipenga, hakumwandikia mtu faini. Na ile kanuni ya 16 Julai inasema kelele zimesamehewa. Juu ya kimya haisemi lolote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na sisi tulipona kwa desturi ya watu wa viazi.

Mtoto aliishi. Alibatizwa Carmen Nubia, na nadhani hamhitaji niwaambie mama yake wa ubatizo ni nani. Wilfrido hakugeuka malaika, sitawadanganya kwenye karatasi ya sherehe. Miezi michache baadaye tulimkamatia ekzosi mbili. Lakini siku hizi bango la karakana yake linasema "Tunarudishia Matumbo", na vijana hupanga foleni, kwa kuwa aliyeitoa sauti ndiye anayejua jinsi ya kuirudisha ndani.

Tangu mwaka ule, kila 16 Julai, Afande Nubia amevua buti na kupiga magoti kwenye kona ile, na msafara umesukumwa kimya mbele ya wodi. Hakuna sheria inayowalazimisha. Diwani mmoja aliwahi kupendekeza kibao cha kukataza honi, na Afande akakataa. "Kibao watakitoboa kama ekzosi," alisema. "Nadhiri haitobolewi." Ila nadhiri inahitaji magoti, na magoti yake yamechakaa. Mwaka jana yaligoma kunyanyuka, ikabidi mimi na Deivis tumwinue kama gunia la mihogo. Siku moja, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, aliniuliza: "Nikiondoka, Eberto, nani atapiga magoti?" Watoto njiti hawaishi kuzaliwa. Kwake yeye, kazi yote ya miaka hii ilikuwa imebaki kwenye swali hilo.

Mwezi uliopita mlango wa ofisi ulifunguliwa.

"Afande, nimekuja kwa miguu yangu," akasema Wilfrido.

"Nakuona, kumbe hujaacha. Nani kakukamata safari hii?"

"Huyu." Akamsogeza binti yake mbele. Carmen Nubia ana miaka kumi na mmoja, na walimu wanasema ukimpima sauti darasani utalazimika kuita winchi.

"Mama Nubia!" akapaza, na vikombe vikatikisika. "Baba ameweka nadhiri! Atapiga magoti yeye! Mwaka huu na miaka yote! Akizeeka nitapiga mimi!"

Wilfrido alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Nilikuwa nasubiri unialike," akasema. "Kisha nikakumbuka mwaka ule hukusubiri mwaliko."

Afande Nubia alitafuta leso kwenye kila mfuko akaikosa, nikampa kitambaa changu cha kufutia kioo.

"Lakini wewe una kazi nyingine," mtoto akaendelea. "Utapanda zimamoto na mimi. Utakaa mbele. Tukifika kona ya pili, tutapiga king'ora. Mimi na wewe, mikono miwili."

"Mimi? King'ora?"

"Si umestaafu!"

Afande Nubia, kwa niaba ya wauza samaki wanaolala mchana, kwa niaba ya bodaboda uliowaacha wamfikishe mgonjwa kwanza, kwa niaba ya wenzako wa Idara na ya bega langu, asante. Tunakuombea miaka mingi yenye magoti yaliyopumzika, sukari guru isiyokauka, na asubuhi za kimya kwa kiasi unachokitaka wewe. Ukienda kutembea milimani, beba sweta lako. Kisha urudi, kwa sababu kwenu sasa ni hapa.

Na kesho yake, 16 Julai, kwenye kona ya pili, akitokea askari mgeni akasimamisha zimamoto na kuuliza moto uko wapi na mwenye gari ni nani, msimcheke. Mpeni jina, aandike. Huenda naye atatufaa.